King'amuzi cha Mayu

Mama yangu alivunjika nyonga kwa kuteleza kwenye tuta la jaruba la mpunga, kule kwetu Mwamkulu. Alikuwa mtu wa kutembea. Alitoka Usukumani mpaka Katavi kwa miguu, yeye na marehemu baba, wakiswaga ng'ombe, mimi nikiwa mgongoni. Baada ya kuanguka, siku zake zikawa za kukaa kwenye kiti barazani na fimbo pembeni. Shemeji yangu, mke wa kaka, ndiye anayemtunza, ila mchana shemeji yuko shamba na watoto wako shule. Mayu, kama sisi Wasukuma tunavyomwita mama, alibaki na redio na kuku.

Mimi nafundisha shule ya msingi Sibwesa, na si rahisi kufika nyumbani kila wiki. Nikaamua kumnunulia televisheni. Nilishuka Mpanda mjini nikaingia duka la kwanza nililolikuta, nikachukua televisheni ndogo ya sola, dishi na king'amuzi. Katika kuchagua king'amuzi nilijisikiliza mwenyewe. Nilitaka chenye chaneli nyingi, kinachorekodi, na rimoti yake ilikuwa imejaa vitufe kama mahindi kwenye gunzi. Fundi akafunga dishi, picha ikaja safi. Nikamwonyesha Mayu mara mbili namna ya kuwasha na kubadilisha, akaitikia kwa kichwa, na kesho yake asubuhi nikarudi kazini.

Kila nilipopiga simu alinijibu kwamba inaonyesha vizuri na Mungu anibariki. Alinisimulia hata alichokiona: mkutano wa mawaziri, kwaya, mafuriko sehemu fulani. Nilikuwa nakata simu nikiwa nimeridhika.

Mwezi ukaisha. Shule ilipofunga nilienda nyumbani bila kumwarifu. Nilikuta televisheni imefunikwa kitenge, na redio inaongea. Niliulizia rimoti. Mayu akanielekeza chini ya godoro lake. Ilikuwa imeviringishwa kwenye mfuko wa nailoni na kufungwa fundo.

Alinieleza taratibu. Siku ya tatu tangu niondoke alitaka kuongeza sauti, akabonyeza kitufe kingine, na maneno ya Kizungu yakajaa kwenye kioo. Kila alipobonyeza tena yalizidi, mpaka kioo kikabaki cha bluu kitupu. Alikaa mbele ya ile bluu mpaka jioni. Shemeji aliporudi, Mayu akamwambia amechoka kuangalia. Mambo yote aliyonisimulia kwenye simu aliyasikia redioni.

"Nilijua nimekiharibu," akasema. "Wewe umejinyima kwa ajili yangu, baba. Ningekuambiaje?"

Watoto wa darasa la kwanza ninawafundisha kushika penseli muhula mzima bila kuwagombeza, na mama yangu nilimpa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai.

Nilikibeba kile king'amuzi mpaka duka nilikokinunua. Wakakijaribu, wakasema ni kizima, hawawezi kukipokea. Ni kweli kilikuwa kizima. Mtu mmoja pale nje akanielekeza kwa mama mwenye duka la redio na televisheni karibu na soko. Nilimkuta amekaa nyuma ya meza, amevaa ushungi wa kijani, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Nilimwamkia, nikamweleza nataka king'amuzi kingine, chepesi. Nikaanza kumtajia chaneli ninazozitaka. Akanikatiza kwa upole.

"Nani atashika rimoti?"

"Mama yangu."

"Anasoma?"

Nikamwambia anajua namba, maneno hapana, na Kiswahili chake ni cha kujifunzia ukubwani. Akaniambia nimlete. Nilipomweleza habari ya nyonga, akasema bajaji zipo, na kwamba hata kiatu mtu hanunuliwi mwenyewe akiwa hayupo.

Kesho yake Mayu akaja amevaa kanga zake za kanisani. Yule mama alimtafutia kiti chenye mto, wakasalimiana na kuulizana habari kwa kirefu kama watu wa rika moja. Alikuwa ameshaunganisha ving'amuzi vitatu. Nilitegemea ataanza kumfundisha, lakini alimpa tu rimoti, akakaa pembeni, akasubiri.

Cha kwanza kilikuwa na vitufe vidogo, kidole cha Mayu kikawa kinagusa viwili kwa pamoja. Wakakiweka kando. Cha pili alikimudu. Hapo yule mama akachomoa waya ghafla, akauchomeka tena, na king'amuzi kikaanza kuuliza maswali upya kabla ya kuonyesha kitu. Akatueleza kwamba nyumba ya sola ikikosa jua umeme unakatika, na Mayu atakuwa peke yake. Nacho kikawekwa kando. Cha tatu kilikuwa na rimoti fupi, vitufe vikubwa, na maneno yake kwenye kioo ni ya Kiswahili. Chaneli zake chache, zote za bure, hakuna kulipia mwezi. Alipochomoa waya na kuurudisha, picha ilirudi yenyewe pale pale ilipokuwa.

Nikadhani tumemaliza. Yule mama akamgeukia Mayu.

"Sasa kiharibu."

Mayu akanitazama mimi.

"Bonyeza chochote, mama. Hiki ni changu bado, kiharibu."

Akabonyeza. Picha ikapotea, orodha za maneno zikaja. Yule mama akachukua rangi ya kucha nyekundu kwenye mkoba wake, akapaka kitufe kimoja cha kutokea, akakipuliza kikauke. Akamwambia akipotea abonyeze hicho mpaka picha irudi. Mayu akabonyeza mara moja, mara mbili, picha ikarudi. Akapotea tena kwa makusudi, akarudi. Akawa anapotea na kurudi, na safari ya nne au ya tano alicheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu alipoanguka. Wateja waliingia, wakaambiwa wasubiri, wakasubiri.

Mimi nikapendekeza vile vitufe vingine tuvizibe kwa plasta. Mayu akakataa.

"Viacheni. Nitavijua kimoja kimoja."

Yule mama alikipokea kile king'amuzi cha zamani tubadilishane, akisema yuko mtu atakayekitaka. Alikuwa ametupa asubuhi yake nzima, na hakuitaja.

Siku hizi Mayu hakosi taarifa ya hali ya hewa. Ramani ikionyesha mvua upande wa ziwa, anampigia dada yake Usukumani kumuuliza kama kweli imenyesha, na mara nyingine wanabishana. Shemeji ameniambia pia kwamba majirani picha ikiwapotea wanamwita. Anaenda na fimbo yake polepole, anakaa, anadai rimoti, na anawauliza kwanza wamebonyeza nini.

Tulipovuna karanga, Mayu alijaza ndoo, akataka aipeleke mwenyewe mjini. Tuliwakuta wateja wawili dukani. Yule mama alinyanyuka, akaipokea ndoo kwa mikono miwili, akaagiza chai. Wakakaa yeye na Mayu nyuma ya meza wakimenya karanga, wakizungumza habari za miguu na magoti na dawa za kuchua. Televisheni walikuwa wameipa mgongo. Nilisimama mlangoni nikiwangoja, na sikuwa na haraka yoyote.