Siku Jua Lilipochomoza Masasi

Juni, mwaka tisini na nne, nilimpoteza mume wangu, Baba Rehema, na Agosti hiyohiyo nikaaibika mbele ya darasa la nne hapa Newala, aibu ambayo nikiisimulia hadi leo masikio yanapata moto.

Wakati huo maduka yalishajaa redio na sabuni za kunukia, ila vitabu vya serikali havikuja, tukaambiwa walimu tujitungie wenyewe kitabu cha maarifa ya jamii. Ramani yake, ya Newala na majirani zake, alishaichora Baba Rehema, kwa penseli, kwenye karatasi nyembamba, wiki moja kabla hajalazwa. Kazi yangu (mimi mwalimu wa UPE, wale wa mafunzo ya haraka, darasa la saba na baiskeli) ilikuwa kuilaza juu ya stensili, ile karatasi ya nta ya kurudufia nakala, na kupitisha kalamu ya chuma kwenye mistari yake. Lakini chuma kinakwaruza, nami sikutaka mkono wake ukwaruzwe, basi nikaigeuza karatasi uso chini, nikafuata mistari iliyoonekana kwa mgongo, polepole, kama ninayempapasa mtu aliyelala, halafu nikaandika majina yamenyooka vizuri, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka, hata mimi.

Asubuhi moja mkaguzi akaja kuamua kama kitabu kiende na kwenye shule nyingine.

"Jua linachomoza wapi?"

Darasa zima, vidole kwenye ramani: "Masasi."

"Linazama?"

"Tandahimba."

Mkaguzi akageukia dirisha la upande wa Tandahimba, jua likampiga machoni. "Mwalimu, na hili limepotea njia?"

Mwalimu mwenzangu, Mama Fadhili, akachukua kitabu, akaugeuza ule ukurasa, akauinua kwenye mwanga. "Mama Rehema, umeichora kinyumenyume, mwenzangu."

Watoto nao wakainua vya kwao madirishani, wakicheka. Kwa mgongo, Masasi ilikuwa imerudi magharibi, na Lupaso, tulikomzika Baba Rehema, iko mahali pake, majina yangu tu ndiyo yaliyosomeka kinyume. Nikasimama nikiitazama ramani yake inang'aa kwenye madirisha yote, nikasahau kabisa kwamba wananicheka mimi.

"Kitabu kizuri," mkaguzi akasema. "Rekebisha ramani leo."

Mchana nikailaza karatasi yake uso juu (nilijiapiza sitageuza tena kitu kwa kukionea huruma), nikakandamiza kalamu. Kwenye Lupaso karatasi ikachanika. Nikaishika kwa kidole, nikaendelea mpaka Tandahimba.