Matofali ya Ukuta Wangu

Kocha wa klabu ya wasichana ya mtaa wetu hapa Butembo amefariki huko Beni, alikokwenda kununua mafuta ya mawese, biashara iliyomlisha. Malaria ya siku tatu tu. Habari ilinikuta nikitafuta mada ya safu hii, na wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba nikitafuta mada mimi ni mtu wa hatari.

Mnakumbuka msimu uliposimamishwa, barabara ya Beni ikiwa haipitiki na timu haziwezi kutembeleana. Bila mechi hakuna kiingilio, na wafadhili wetu, wale wa kupiga picha na kombe, wakaacha kupokea simu. Mwenye uwanja hakusimamisha kodi yake. Basi mama huyu akageuza mazoezi ya asubuhi kuwa kazi ya kubeba matofali kutoka tanuri za bondeni hadi kwenye ujenzi huko juu, na kodi ikalipwa. Wasichana walikuwa wakubwa, walikubaliana wenyewe, na walipanda kilima wakiimba. Mimi niliwaona dirishani, kikombe cha kahawa mkononi, nikaandika safu kali juu ya kocha anayegeuza wachezaji kuwa punda. Sikumuuliza mtu neno. Nilijiona shujaa kwa wiki nzima.

Kwa bahati mbaya, wazazi walinisoma. Nusu ya wasichana walizuiliwa nyumbani, na golikipa, ambaye klabu ndiyo iliyokuwa kisingizio chake pekee cha kuahirisha ndoa, akaozwa. Hilo linaniuma mpaka leo. Siku moja kocha akaja kwangu. Nilijiandaa kwa matusi, nikapata swali.

"Papa, ile ukuta yako mupya, ni banani balibebaka matofali?"

Wabebaji aliwatafuta fundi wangu. Kazi yangu ilikuwa kupunguza bei, na nilipunguza mpaka fundi akaona haya kwa niaba yangu.

"Ni batoto bako?" nikamuuliza.

"Ni bo. Na njo bei ya mubaya kabisa tulipataka." Akacheka kwa moyo wote. "Lakini hapana kuniomba pardon. Andika tena, bazazi basome."

Niliahidi. Kisha nikaandika juu ya mashimo ya barabara, juu ya bei ya sukari, hata juu ya unyenyekevu.

Kwenye matanga yake nilijitolea mbele ya kapteni kuwa rais wa heshima wa klabu. Akanitazama kwa adabu.

"Papa, ba présidents tuko nabo mingi. Tunakosa mutu wa kuongea na baba ya golikipa mupya. Anamukatalia kutoka."

Nikaenda. Yule baba alinipokea vizuri, akaingia chumbani, akarudi na safu yangu, imekunjwa kama cheti cha ubatizo. "Si ni weye njo ulituonya?" Mchana kutwa nilibishana na maneno yangu mwenyewe, na sikujua kama naandika kwa nguvu hivyo. Klabu ya vijana haiuawi na msimu uliosimama. Inauawa na sisi wenye maoni ya dirishani. Jioni akakubali binti arudi uwanjani, kwa sharti kwamba niungame hadharani.

Basi, wazazi wengine mliohifadhi karatasi ile: nilikosea. Waacheni watoke.