Sauti Ambayo Haikuwa Yake

Tarehe tisa Juni mume wangu alifariki. Sauti yake niliipoteza baadaye, na siku yenyewe siijui. Nilikuwa nafua nguo hapa mtaani Tassia, nikajaribu kumsikia akiniita kutoka ngazini, nikakuta kimya. Uso wake ulikuwapo. Harufu ya gundi na vumbi la mbao ilikuwapo. Sauti haikuwapo, na hatukuwahi kuirekodi popote.

Mwenzangu wa kiwandani, Industrial Area, aliniambia kuhusu mshauri anayetibu kwa hipnosisi, ile ya kumtuliza mtu kwa maneno. Yeye alisaidiwa kupunguza hofu ya kupanda lifti. Wifi yangu, anayeuza mitumba sokoni Gikomba, aliposikia alicheka hadi akaketi juu ya robota la nguo.

"Wee! Atakulaza fofofo, uamke umempa namba ya siri ya simu. Ama akuambie uwike kama jogoo, na utawika!"

"Nitawika," nilisema. "Bora nimsikie."

Akaacha kucheka. Tulikuwa tunamzungumzia kaka yake.

"Ukimsikia, mwambie... aii, wacha tu. Enda."

Nilienda Jumamosi bila kula tangu jana yake, kama tunavyofunga kabla ya maombi mazito. Kwenye mfuko nilibeba shati la kazi la mume wangu, halijafuliwa. Mshauri, mama wa makamo mwenye sweta, alilitazama.

"Hili ni la nini, mama?"

"La kumwitia."

Hakunicheka. Alinipa chai na mkate, akangoja nimalize.

"Mimi siiti mtu," alisema. "Na hutalala. Utanisikia, na ukitaka kuinuka utainuka. Siwezi kukulazimisha utoe siri. Nitakusaidia utulie tu, mawazo yakae mahali pamoja."

"Na sauti yake?"

"Hapo nikuambie ukweli. Kumbukumbu si kanda ya kurudisha nyuma. Mtu akitulia hivyo, naye anatamani sana, akili inaweza kumtengenezea kitu, akaapa ni cha kweli. Kukusaidia kuubeba msiba, hilo nitajaribu. Sauti siahidi."

Nilisema nimeelewa. Sikuwa nimeelewa.

Nikafumba macho. Kweli sikulala, maana nilimsikia fundi akigonga bati huko chini. Pumzi ikashuka, mabega yakawa mazito. Nikajiona kwenye ngazi za kwetu. Kisha mwanamume akaniita, kwa sauti nzito, tamu: "Mpenzi wangu, nimerudi."

Machozi yalinitoka. Nilitaka kubaki pale pale. Lakini mume wangu hakuniita mpenzi hata siku moja.

"Si yeye," nikasema, nikafumbua macho. Hakuna aliyenizuia.

"Unataka tujaribu tena?"

Nilitamani kusema ndiyo. Ile sauti ilikuwa nzuri. Ningerudi nayo nyumbani, ningeizoea, na baada ya mwezi nisingejua tofauti.

"Hapana."

"Yeye alikuwa anakuitaje?"

Nikamweleza kwamba tulijuana tukiwa tumepanga vyumba vilivyopakana, na hata baada ya harusi hakubadilisha alivyoniita. Akaniomba nimwonyeshe. Nikasimama mlangoni kama alivyokuwa akisimama akitoka kazini, nikaita kwa sauti yangu mwenyewe:

"Jirani! Umepika?"