Turubai la Mpunga na Ndege ya Vita

Nakumbuka siku ile kwa harufu yake, mwanangu. Ilikuwa harufu ya mpunga uliovunda, na pale nilipoinusa hapakuwa na punje hata moja ya mpunga.

Wewe umeikuta ndege ya vita imesimama kwenye uwanja wa makumbusho madogo ya kambi ya jeshi, huku upande wa Chita, ukadhani imejitunza yenyewe. Aliyeitunza ni marehemu mume wangu, Lukasi. Alikuwa fundi wa ndege jeshini, na ndege ile ilipostaafu wakastaafu pamoja. Kila asubuhi aliifuta umande kwa kitambaa, akaondoa viota vya shomoro, akaingia chini ya tumbo lake na kukaa huko muda mrefu akichokonoa sijui nini. Nilikuwa namtania kwamba mke mwenzangu ni bati. Alicheka tu, akaendelea kufuta.

Homa ya siku chache ikamchukua. Nikabaki na viwili alivyovipenda: ndege ile, ambayo mkuu wa kambi aliniruhusu niendelee kuitunza, na binti yetu Agnesi, aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza kidato cha nne. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Masika yalipokaribia, niliona mvua itaila ndege ya marehemu. Nikachukua maturubai yetu ya kuanikia mpunga, nikayaunga kwa sindano ya magunia, nikaifunika yote na kuikaza kwa kamba hadi tumboni. Watu walinisifu, na mimi nilijisifu, nisikufiche.

Agnesi naye nilimfunika kwa namna yake. Alipata nafasi katika chuo cha ufundi Ifakara, nikasema mwakani. Kwenda gulioni peke yake, hapana. Kuisogelea ndege, hapana, asije akateleza. Hakubisha. Alikuwa mtoto wa maneno mengi, akawa mtu wa "ndiyo mama," nami nikauita ukimya ule adabu.

Pasaka ile akaja mama mkwe wangu kutoka Kiberege. Baada ya shikamoo na marahaba, na kabla hata ya chai, alitaka kuiona ndege ya mwanawe. Nikampeleka kwa mbwembwe zote, nikafungua kamba. Joto likatupiga usoni pamoja na ile harufu. Mama akaweka kiganja ubavuni mwa ndege, na alipokiondoa, rangi iliyovimba malengelenge ikaondoka nacho. Chini yake bati lilikuwa limeota kutu ya unga mweupe. Alikitazama kiganja chake, kisha akanitazama mimi.

"Mama Agnesi, wewe ni mkulima. Mpunga uliolowa unaufunika?"

"Hapana, mama. Utavunda."

"Na hapa umefunika nini?"

Nikamweleza kwamba niliogopa mvua, kwamba hiki ndicho alichoniachia mwanawe. Hasira nayo ilikuwepo, maana niliona ananihukumu kwa kosa la kupenda. Yeye hakupandisha sauti hata kidogo.

"Mvua inapiga, inapita. Kinachoozesha ni maji yaliyokosa pa kutokea. Na yule mjukuu wangu nimemkuta ndani, amepauka. Unawapenda, mwanangu, nimeona. Lakini unawavundisha."

Nililia pale pale, kamba ikiwa mkononi.

Tukamwita Agnesi, tukayavuta maturubai tukiwa watatu. Mama akasema ndani ya tumbo la ndege lazima yamebaki maji, ila yeye hajui yanatokea wapi, na mimi sikujua. Agnesi akaomba kipande cha waya. Akalala chali chini ya ndege, akaanza kuchokonoa tundu moja baada ya jingine, chini ya mabawa, kuelekea mkiani, matundu madogo ambayo nyigu walikuwa wameyaziba kwa udongo. "Baba alinionyesha," akasema, bila kutuangalia. Tundu la mwisho lilimwaga maji machafu kichwani kwake na juu ya gauni lake la Pasaka, akacheka. Sikuwa nimekisikia kicheko kile tangu mazishi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuiogopa mvua, kwa kuwa kicheko hicho ndicho nilichokuwa nimekifunika.

Fundi wa kambi aliikwangua ndege akaipaka rangi upya, lakini ubavuni yamebaki makovu madogo madogo; ukipapasa utayasikia. Maturubai yalirudi kwenye mpunga. Agnesi nilimsindikiza stesheni, akapanda garimoshi la Ifakara mvua ikinyesha, nikajizuia nisivue khanga yangu nimfunike. Leo ni fundi mwenye watoto wake, na kila masika hunipigia simu na swali lile lile: mama, matundu umezibua?

Kipendacho moyo ni dawa, walisema wazee, na dawa ikizidi kipimo unajua inavyokuwa. Basi, mwanangu, ukipewa kitu cha kutunza, kiwe ndege ya vita, kiwe ndoa, kiwe mtoto, usijiulize tu utakikinga vipi. Jiulize pia kinapumulia wapi, na maji yake yanatokea wapi. Kifute, kikague, kaa nacho karibu. Kazi hiyo haina sifa, tena ni ya kila siku, ndiyo maana wengi tunakimbilia kufunika. Mimi nilifunika kwa sababu kutazama kuliniuma.

Mungu akujalie wa kumpenda, mwanangu. Na siku utakapomwona analowa, akupe moyo wa kusimama naye mvuani bila kukimbilia turubai.