Safari ya Misri Iliyoishia Mbulumbulu

Shida ilianza mwaka 1968, nikiwa na miaka tisa. Mdogo wetu wa mwisho, bado ananyonya, alikufa kwa kifua wakati wa baridi ya Julai. Kesho yake baba akakata matawi ya miiba akaziba njia ya kuingia nyumbani kwetu. Hakuna aliyemwamuru. Kwa sisi Wairaqw ndivyo ilivyokuwa: nyumba iliyofiwa na mtoto ina metimani, maana yake kifo bado kimeikalia, na wenye nyumba hawaendi kwa watu wala watu hawaji kwao mpaka muda upite. Hamli na wenzenu. Hamchoti maji wanapochota. Mbuzi wenu wanachungwa peke yao. Siku hizi imelegea, wengi wameiacha kabisa, lakini mwaka ule haikuwa na mchezo.

Nilikuwa darasa la pili. Sikurudi tena. Muda ulipokwisha mimi nilikuwa nimezoea mbuzi na baba alikuwa amezoea kunituma, basi. Kusoma vizuri nilijifunza ukubwani, kwenye mifuko ya saruji. Haya naandika kwa mkono wangu, na anayetaka kucheka acheke.

Ndani tulibaki baba, mama, mimi na dada yangu ambaye namzidi miaka miwili. Baba aliwahi kufanya kibarua kwenye shamba la kahawa la mzungu kule Oldeani, akarudi na kalenda iliyokuwa imetupwa. Mama aliibandika ukutani kwa uji mzito ili udongo usimwagike kitandani. Kila mwezi ulikuwa na picha ya mahali pakubwa duniani. Majina yalikuwa ya Kizungu, kwa hiyo tulitunga ya kwetu. Mnara wa chuma wa Ufaransa tuliuita ngazi. Ukuta wa China tuliuita mkia. Piramidi za Misri tuliziita vichuguu, na hizo ndizo dada alizozipenda, kwa sababu mbele yake palikuwa na mtu juu ya ngamia, na dada alisema yule anakwenda anakotaka. Tulipomuuliza baba viko wapi, alijibu bila kusita kwamba vyote viko Ulaya, jirani kwa jirani, ukitoka asubuhi unavizunguka vyote na unarudi kula. Baba hakuwa mtu wa kusema sijui.

Watoto wenzetu walikuwa wakisimama ng'ambo ya korongo. "Nyie wenye maiti, msivuke!" Dada aliwajibu kwamba nani anataka kuvuka kuja kwenu, sisi tunakwenda kwenye vichuguu. Mimi nilirusha mawe. Hapo ndipo tulipoahidiana: tukikua tutakwenda, wawili sisi, na hatutawaaga.

Nilivyopata mali sitaeleza sana. Nilibeba magunia ya kahawa, nikapasua kokoto, nikaanza kufyatua na kuchoma matofali Karatu wakati mji wenyewe ni barabara moja na matope mekundu. Hoteli zilipoanza kujengwa njia ya kwenda kreta, matofali mengi yalikuwa yangu. Asije mtu kuniambia alinisaidia. Kila asubuhi nilikuwa nayaona magari ya watalii yakipanda kuelekea getini, vichwa vimetokeza juu ya paa, na nilikuwa najisemea: haya, nendeni mkaone shimo letu, na mimi siku yangu inakuja.

Dada aliolewa Mbulumbulu. Mume akafa, akabaki na shamba la ngano na maharage, na mjukuu wa kike aliyeachiwa na binti yake. Mwaka juzi macho yakaanza kumsumbua. Daktari akasema ni presha ya macho: la kushoto limekwisha, la kulia linaliwa polepole, dawa ya matone na kupimwa mara kwa mara vinaweza kulishikilia kwa muda. Nikamuuliza muda gani. Akasema hakuna anayejua. Nilipotoka pale sikwenda nyumbani, nilikwenda kuuliza habari za paspoti.

Dada akaanza mazoezi. Alinunua raba, akawa anapanda na kushuka kilima cha nyuma ya shamba, majirani wanamcheka. Alimuuliza mtu wa tiketi kama kwenye ndege kuna choo, na kama kipo, mzigo unamwangukia nani. Nilimwonya kwamba vile vichuguu siku hizi havipandwi, wanakataza.

"Kaka, umegombana na watu maisha yako yote," akasema, "leo unaogopa mlinzi?"

Tulipanga kuondoka Agosti, ngano ikishavunwa. Mwishoni mwa Julai yule mjukuu akashikwa na kifua. Alikuwa na miaka mitatu. Gari halikupatikana, dada akambeba mgongoni kwenda zahanati, anatembea huku anamwimbia. Nesi alipomfungua kwenye khanga ndiye aliyemwambia kwamba mtoto amekwisha kufa. Alikuwa anamwimbia maiti, na hakujua tangu wapi.

Tulizika. Mchungaji akaomba, watu wakala makande, wakatawanyika. Nikamwachia dada siku za kulia, kisha nikaenda kumchukua kwa safari. Nikakuta miiba njiani.

"Baki hapo hapo, kaka," alisema kutoka mlangoni.

Nikamwambia mambo haya yalikwisha zamani, mchungaji mwenyewe anasema yalikwisha, na daktari anasema jicho halina muda. Nikamwambia tiketi ninazo mfukoni. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Macho hayasubiri," nikasema.

"Najua. Si ya kwangu?"

"Walitufungia tukiwa watoto. Umesahau? Walituita wenye maiti."

"Sijasahau. Leo hakuna aliyenifungia. Mtoto amefia mgongoni kwangu, kaka. Unataka nikakae bega kwa bega na watu wa ndege, na kifo hiki? Wamenikosea nini?"

Nikakasirika. Nikamwambia ni mjinga tangu utoto. Akasema, "Na wewe mbishi tangu utoto, ndiyo maana una malori." Akacheka kidogo, kisha akalia, na mimi nimesimama upande wa pili wa miiba kama wale watoto wa korongoni.

Akakaa hivyo mpaka masika. Kliniki hakwenda, maana kliniki ni watu. Nilikuwa nampelekea matone, nayaweka juu ya jiwe na kuondoka ndipo aje kuchukua. Lakini sikuwa naondoka kweli, nilisimama kwenye mahindi ya jirani nikimtazama. Mwanzoni alilifuata lile jiwe moja kwa moja. Baadaye akawa analitafuta kwa mguu.

Miiba ile ningeiondoa kwa mkono mmoja. Sikuiondoa. Watu wa Karatu mpaka leo wananiuliza kwa nini, mzee mzima na uwezo wangu, nikamwacha apofuke kwa mambo ya kale. Huwa nawaambia waangalie ya nyumbani kwao.

Siku alipoiondoa mwenyewe nilimpeleka kwa daktari. Daktari akammulika, akazima tochi, akawa anapanga vitu mezani. Dada ndiye aliyesema.

"Basi, kaka. Sasa hakuna haraka."

Nimemhamishia kwangu. Anasema bado twende, mimi nitazame, yeye ashike mawe kwa mikono. Wanangu nao wanasema niende hata peke yangu nipige picha. Nikamwonyeshe nani? Nimekataa, na nikikataa nimekataa. Mtu aliyepaswa kuviona hataviona, na mimi peke yangu sikuwahi kuvitaka.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Nyumba mbili za matofali, moja naishi mimi, ya pili anaishi dada. Malori mawili, moja bovu. Tanuri la matofali na kiwanja chake. Shamba la mahindi na maharage. Paspoti mbili ambazo hazijagongwa muhuri. Ng'ombe saba, mmoja ana mimba. Mbuzi kiasi. Trekta sina, huwa nakodi.