Sisi Hatukuanzia Kwenye Ndege

Harufu ya jiki ikinikuta popote, hata kwenye ngazi za hoteli, huwa nasimama kidogo. Ndiyo harufu ya mikono ya mama. Alisafisha nyumba za watu kule Al-Hamra, akarudi chumbani kwetu Al-Hindawiyah, hapo hapo Jeddah, akanishika mashavu kwa viganja vilivyochubuka. Nilidhani mama wote duniani hunukia hivyo.

Akienda kazini aliniacha kwa Mwalimu Furaha, mwanamke wa Machakos aliyewahi kufundisha chekechea. Alikuwa amemtoroka kafili wake, mwajiri aliyemshikia pasipoti, akaifanya sebule yake darasa letu sisi watoto tusio na ikama, kile kibali cha ukaazi, tusiopokelewa na shule yoyote. Kiyoyozi kiliwaka mwaka mzima, hata tukitetemeka, ili mngurumo wake ufunike sauti zetu. Tuliimba kwa kunong'ona. Tulipiga makofi kwa vidole viwili. Amini usiamini, mtoto anaweza kufurahi sana kwa kunong'ona.

Siku moja Baraka, mkubwa wetu, alirudi kutoka dukani akilia. Watoto wa mtaani walikuwa wamemwita mtumwa. Mwalimu akamfuta kamasi kwa leso, akatuambia kuwa watu weusi waliingia bandari hii karne nyingi kabla yetu, wengine wakienda kuhiji, wengine wameuzwa, na kila mmoja alikuwa na jina lake.

"Sisi hatukuanzia kwenye ndege," alisema. "Ijumaa kila mtu atasimama ataje wazee wake mpaka atakapoishia. Mama zenu watakuja. Tutasherehekea weusi wetu."

Wenzangu walichekelea. Mimi nilijitazama mikono. Nilikuwa mweupe kuliko wote pale, nywele zangu zililala, na jina la baba sikuwa nalo.

"Wewe utamtaja nani?" Baraka aliniuliza, machozi bado mashavuni. "Bosi wa mamako?"

Jioni nilimwuliza mama. Alikuwa anachambua mchele.

"Halas, Dama, yatosha," alisema, na vidole vyake vikaganda kwenye sinia. Kisha akanivuta karibu. "Sema hivi. Mimi ni Dama wa Kadzo, wa Mbodze, wa Sidi. Sidi alilima peke yake na hakupigiwa hodi na njaa."

Kwetu Giriama mtoto huhesabiwa upande wa baba. Mama alinipa wanawake watupu.

Ijumaa Mutua alisimama wa kwanza. "Mimi ni Mutua wa Mutua wa Mutua."

"Kwenu majina yaliwaishia?" Mwalimu akauliza, na mama zetu wakaziba vinywa kwa mitandio wasicheke kwa sauti.

Ikafika zamu yangu. Nilitaja wote, mpaka Sidi.

"Hao ni wanawake!" Baraka akaropoka. "Na yeye hata si mweusi!"

"Na wewe ulizaliwa na kabati?" Mwalimu alimjibu. "Weusi si rangi moja, Baraka. Mpigie makofi."

Akanipigia, vidole viwili, akitazama pembeni. Mama hakupiga. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Miaka ilipita, tukakamatwa. Afisa akauliza jina la baba yangu.

"Mafi," mama alijibu. Hakuna.

Akauliza tena, polepole. Bila jina hilo sikuwa na cheti cha kuzaliwa, na bila cheti sikuwa na safari ya kurudi kwetu. Mama akasema vile vile. Tulikaa kizuizini muda mrefu kuliko wenzetu, nami nikamchukia kwa ajili ya ile nafasi tupu ya jina la baba.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo aliponieleza. Jina alilijua. Lilikuwa la mume wa madam aliyemwajiri kwanza, katika nyumba ya Riyadh aliyoikimbia tumbo lilipoanza kuonekana. Hakumtaka mtu yule. Angelitaja, labda mtu yule angekana, mama afungwe kwa zinaa. Au angekubali, nami nibaki naye.

Sasa nakumbuka vizuri alivyosimama mbele ya afisa. Nilidhani hana la kusema. Kumbe koo lake lilikuwa linapanda na kushuka, analimeza jina, na mkono wake umenibana kifundo cha mkono mpaka kikafa ganzi.