Nilivyomsema mama mkwe huku kijiko chake kikiwa begani kwangu

Wakuu, habari za humu ndani. Wakubwa shikamooni, wadogo nawasalimu.

Haya yalinikuta mwenyewe. Shahidi wangu yuko jikoni sasa hivi anasonga ugali, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Wiki iliyopita bega lilinisumbua nikaenda kwa kijana mmoja physio, mtaalamu wa misuli na viungo. Akanilaza, akanipaka mafuta, akatoa vyuma vinavyong'aa vyenye kona za kila aina, akaanza kunikwangua juu ya msuli. Akanieleza kuwa hii ni technique mpya, inalegeza misuli iliyoshikana.

Nikacheka mpaka akasimama kuuliza kama ananitekenya.

Wakuu, hiyo technique mpya mimi nilifanyiwa Songea, pale Majengo, enzi za ruksa. Kwa kijiko cha kupakulia mchuzi.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini biashara zilikuwa zimefunguliwa na mimi nilikuwa kijana wa mitumba, suruali pana, kitana mfuko wa nyuma. Siku moja likaja belo zima la nguo, nikataka kuwaonyesha wenzangu kwamba nalibeba peke yangu.

Nilifika hatua nne. Ya tano ilikuwa ya belo peke yake.

Hospitali wakaliangalia bega, wakasema hakuna kilichovunjika, wakanipa vidonge na kuniambia nipumzike. Sasa hapo ndipo palipokuwa na shida, maana siku kumi mbele nilitakiwa kijijini Mpitimbi kulima.

Nilikuwa nimeposa binti anaitwa Skola. Baba yake alisharidhika. Mama yake akatoa sharti: huyo kijana wa mjini aje ashike jembe kutwa nzima, tuone kama ana mikono. Nikishindwa, posa inarudi. Na kulikuwa na mwalimu mmoja mwenye baiskeli mpya, naye ametuma mshenga, anasubiri nianguke.

Kwa wasiojua, kwetu mchumba hazoeani na mama mkwe. Mshenga ndiye anayekwenda. Ukisikia mama mkwe anapita njia hii, wewe unaingia kwenye mahindi mpaka apite. Mimi nilijificha vizuri mno. Mpaka naumia bega nilikuwa sijui hata sura yake.

Rafiki yangu Deo, tuliyeuza naye mitumba kwenye meza moja, akanipeleka kwa Mama Kijiko. Huyu alikuwa anatoka kijijini kila mwezi, anakaa siku chache kwa mdogo wake nyuma ya soko, anatibu misuli. Jina lake halisi hatukulijua. Kijiko chenyewe kilikuwa cha chuma kizito, alikipata misheni alikowahi kuwa mpishi.

Najua mtauliza, Skola hakuniambia? Aliniambia mama yake huwa anakuja mjini kusaidia watu. Mimi nikadhani ni mambo ya jumuiya za kanisani.

Basi nikavua shati, nikalala kifudifudi mkekani. Akapaka mafuta ya alizeti, akaanza kupitisha mgongo wa kijiko begani. Ananifuata msuli mpaka anafika penye vinundu, hapo anarudia rudia. Iliuma, lakini unasikia kabisa kitu kinaachia.

Akaniuliza haraka ya nini. Na mimi mdomo wangu haujawahi kuwa na mlango.

Nikamwambia kuna mama mkwe mmoja huko kijijini, mzee wa watu amekubali vizuri, ila mke wake ndiye anajifanya bwana shamba. Nikasema nasikia ana mdomo, sijui mumewe anaishi naye vipi. Deo akacheka. Mama akacheka pia.

Kijiko kikaanza kwenda kwa nguvu zaidi. Nikadhani tumefika kwenye vinundu vikubwa.

Akauliza, "Unaoa wapi, mwanangu?"

Nikasema Mpitimbi, binti anaitwa Skola, nikataja na baba yake.

Kijiko kikasimama. Mama akavuta khanga akajifunika kichwa mpaka puani, akainuka, akatoka nje. Hakurudi.

Nikabaki pale na mafuta mgongoni. Mdogo wake akaja kutuambia dada amesema twende, hawezi tena kunigusa.

Wakuu, mimi na Deo tulikaa tukalichambua jambo lile kwa kina. Tukafikia uamuzi kwamba ameona kifo changu.

Kuanzia hapo Deo akawa ananinunulia chai kila asubuhi. Siku ya tatu akaniuliza kwa upole ile radio kaseti yangu nimepanga kumwachia nani. Niliogopa sana, siwadanganyi. Nilienda hata kuungama.

Lakini nikasema kama ni kufa, basi nife nikiwa nimelima.

Mpitimbi nilianza vizuri. Lile bega lilikuwa limelegea kuliko nilivyotegemea. Jua lilipopanda likaanza kukaza tena, jembe nikawa nalinyanyua kwa mkono mmoja, na baba mkwe amekaa pale pembeni anaangalia. Nikaona baiskeli ya mwalimu inakuja.

Nikaitwa nyumbani ninywe maji. Nikaketishwa kwenye kigoda kando ya ukuta wa jiko. Skola akatoka na kikombe cha mafuta. Mkono wa pili ameshika kijiko.

Nilikitambua kile kijiko, wakuu. Nikatafuta mahindi ya kuingia, hayakuwepo karibu.

Sauti ikatoka nyuma ya ukuta. Haikuwa inaongea na mimi, maana mama mkwe haruhusiwi. "Skola, mwambie huyo kijana dawa yake haikuisha. Anza begani, shuka. Na umwambie mwenye mdomo yuko huku."

Skola akanikwangua kwa maelekezo ya ukuta mpaka machozi yakanitoka. Yalikuwa ya aibu zaidi. Kisha nikarudi nikamaliza shamba.

Jioni wazee wakanitoza kuku wa kuomba radhi, kwa kuvua shati mbele ya mama mkwe. Maneno yangu hayakutajwa. Hayo mama hakuwaambia wazee, na kwa hilo nilimpenda mpaka alipofariki. Wengine walipogawana mbuzi na mashamba, mke wangu alichukua kijiko.

Funzo: misuli ikigoma, anzia hospitali, wajue kama hakuna kilichovunjika. Na ukiwa unatibiwa, sema panapouma tu. Mengine kaa nayo.

Niliporudi nyumbani kutoka kwa physio Skola akaniuliza kama vyuma vya yule kijana vinauma kuliko kijiko. Nikamwambia havifikii hata nusu.

Akasema, "Basi huyo hujamsema vibaya bado."

Karibuni wakuu. Nani mwingine humu amewahi kutibiwa na mtu aliyekuwa anamsengenya?